Singida kwa Pua

Kuna mikoa inayojiuza kwa picha. Kilimanjaro ina theluji, Mara ina nyumbu, Pwani ina minazi. Singida haijawahi kupata ukurasa mzuri kwenye kalenda za ukutani, na abiria wengi wa barabara ya kati huipita wamelala, mdomo wazi, kati ya Dodoma na Nzega. Wanakosa mengi. Mkoa huu una vya kutazama, lakini anayetaka kuujua vizuri afungue dirisha la basi na aanze kunusa.

Anzia bondeni. Bahi, kwenye majaruba ya mpunga, hewa ni nzito na ina harufu ya tope. Ukishapita Kintinku barabara inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na kabla hujaiona Manyoni pua imeshakupa taarifa: hewa imekauka, imekuwa nyepesi, inaingia hadi ndani kabisa. Juu ya ukuta huohuo iko Kilimatinde, kituo cha misafara ya zamani ambacho Wajerumani walikifanya kambi ya askari wao. Wapagazi waliotoka pwani wakiuvuka uwanda mkavu wa Ugogo bila shaka walipumua hapo kwa nguvu kabla ya kuukabili msitu wa kuelekea Tabora. Nami hushuka Manyoni hata kama sina shughuli, ninunue asali, nivute hewa, kisha nitafute gari lingine.

Huko juu, kwenye uwanda wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, ndiko Singida hasa ilipo. Mvua ni ya msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 600 hadi 800, tena mwaka ukiwa mwema. Kisichopungua ni upepo. Muuza karanga wa stendi anaweka jiwe juu ya karatasi zake za kufungia, na fundi baiskeli anageuza mgongo kila anapotaka kuwasha kiberiti. Mipango ya kuvuna umeme kutoka upepo huu imezungumzwa miaka mingi. Wakati ikisubiriwa, mji umepata heshima nyingine ya umeme: njia kubwa ya kilovolti 400 inayounganisha gridi ya Tanzania na ya Kenya inaanzia hapa na kuishia Isinya, kusini mwa Nairobi. Nairobi hiyo ina sehemu yake katika safari hii, nitaifikia.

Kuanzia Issuna na Ikungi, harufu inayotawala ni ya alizeti. Msafiri anayetaka picha aje maua yakiwa yamefunguka, mashamba ya njano yakifika hadi miguuni mwa mawe. Anayetaka kunusa asubiri mavuno yapite na mashine zianze kukamua. Mafuta mapya ya alizeti yana harufu nzito, tamu kidogo, inayokaa kwenye nguo hadi umefika nyumbani, na mashudu yanayobaki hayatupwi, ni chakula cha ng'ombe na kuku. Na kuku wa Singida ni suala zito. Wanasafirishwa kwa matenga juu ya mabasi hadi Dar es Salaam, na mpishi wa huko akikwambia huyu ni wa Singida anakueleza pia kwa nini bei ni ile. Ukienda kaskazini mwa mkoa unaingia eneo la vitunguu, vimejaa kwenye viroba vilivyofungwa lumbesa, na hapo hata mwenye mafua atajua amefika wapi.

Mjini kwenyewe kuna mawe. Sijaona mji mwingine wa Tanzania, ukiacha Mwanza, ulioachia mawe makubwa hivyo nafasi ya kuishi na watu: majabali ya matale yamekaa juu ya mengine, nyumba zimejengwa zikiyazunguka, watoto wanayatelezea. Chini yake kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, yenye maji ya chumvi, na msimu ukiwa mzuri flamingo na mwari hujaa kingoni. Ziwa Singidani linanuka magadi na mbolea ya ndege. Sitaki kulipamba. Ila kaa pale jioni, upepo ukigeuka na kuja kutoka ziwani, utaona hata wenyeji wanapunguza mwendo.

Harufu ninayoipenda kuliko zote za Singida, hata hivyo, haiko barabarani. Iko ndani ya tembe. Vijijini mwa Wanyaturu nyumba hizo zinapungua kila mwaka, mabati yanachukua nafasi zake, lakini zilizobaki bado zinajieleza: paa bapa la miti na udongo, mlango mfupi wa kumlazimisha mgeni ainame, giza zuri la ubaridi ndani, na moto. Bomba la kutolea moshi hakuna. Moshi unajitafutia njia kwenye nyufa na mlangoni, na kabla haujatoka umefanya kazi kadhaa. Umeikausha miti ya paa isiliwe na mchwa, umelinda uwele na mtama ulioning'inizwa kwa mbegu, umefukuza mbu. Nilikaribishwa humo ugali wa uwele na mlenda, macho yakinitoka machozi, na bibi mwenye nyumba akacheka.

"Moshi huu ndio uliotulea, mwanangu," alisema. "Ukiutoa, nyumba inaoza."

Nilimwitikia kwa adabu na nikaendelea kula, lakini kichwani nilikuwa na daktari mmoja wa Nairobi.

Pua tunayoigusa kwa kidole ni mlango tu. Nyuma yake, juu ya koo, kuna chumba kidogo ambacho mtu hawezi kukiona hata akisimama mbele ya kioo na kufungua kinywa mpaka mwisho. Madaktari hukiita nasofarinksi. Hewa yote tunayovuta kwa pua hupita humo, na mirija miwili kutoka masikioni hufungukia humo. Saratani ikianzia katika kona za chumba hicho huwa na subira ya ajabu. Sikio moja linaziba. Kamasi inakuja na damu kidogo. Pua inagoma upande mmoja. Kisha linatokea vimbe shingoni, gumu, lisilouma, na kwa sababu haliumi mtu anaendelea kulima. Akifika zahanati ataambiwa ni mafua, au masikio, au ataanzishiwa dawa za kifua kikuu cha tezi, kwa kuwa kifua kikuu ni cha kawaida zaidi na tezi zinafanana.

Duniani ni ugonjwa wa wachache. Mwaka 2020 ulikadiriwa kuwapata watu 133,000 hivi, wengi wao wa kusini mwa China na Asia ya Kusini-mashariki. Lakini una maeneo yake mengine ya kujitenga: Afrika Kaskazini, Waeskimo wa nchi za barafu, na Afrika Mashariki, hasa nyanda za juu za Kenya. Ni huko ambako Peter Clifford, daktari bingwa wa masikio, pua na koo katika hospitali ya King George VI mjini Nairobi, ambayo baadaye ilipewa jina la Kenyatta, aliwaona wagonjwa hawa miaka ya mwanzo ya 1960. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Beecher walichapisha maelezo ya saratani hiyo nchini Kenya na ya mazingira ya waliougua. Clifford alitazama nyumba. Wengi walitoka kwenye miinuko yenye baridi, ambako familia hulala na moto ndani, kwenye nyumba zisizo na pa kutolea moshi, na akashuku kwamba moshi unaovutwa usiku kucha tangu utotoni una mkono wake. Tuhuma hiyo haijawahi kuthibitika kwa uzito wa ile iliyokuja baadaye, ya kirusi. Lakini inamfanya mtu aliyekaa kwenye tembe atafune taratibu zaidi.

Kirusi nacho ni cha kwetu, kwa namna ya kusikitisha kidogo. Machi 1961 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, alitoa mhadhara London juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mmoja wa waliosikiliza alikuwa Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa London kwa ndege, na Februari 1964 Epstein akaviona virusi kwenye hadubini ya elektroni, akaitangaza habari hiyo pamoja na Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland. Jina likawa Epstein-Barr. Mwaka 1966 Lloyd Old na wenzake wakagundua kwamba si watoto wa Burkitt tu: wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua nao walikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi hicho. Mwaka 1970 Harald zur Hausen, yule aliyepata Nobel mwaka 2008 kwa kazi ya saratani ya shingo ya kizazi, alionyesha kwamba vinasaba vya kirusi vimo ndani ya uvimbe wenyewe. Clifford wa Nairobi ni mmoja wa waandishi wa taarifa hiyo. Watoto wa Kampala na wagonjwa wa Nairobi ambao vinyama vyao vilisafirishwa hawamo kwenye jina la kirusi wala kwenye orodha ya waandishi. Ninaliona hilo kama deni, na sioni aibu kulitaja katika makala ya safari, kwa sababu nao walisafiri, vipande kwa vipande, kwenda mbali kuliko wengi wetu.

Burkitt mwenyewe alisafiri. Mwishoni mwa 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, kama maili 10,000 kwenda na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe ule unaonekana. Ramani waliyorudi nayo ilisema kwamba unapungua kwenye miinuko ya baridi na kwenye nchi kame. Baadaye sababu ikaeleweka: ni malaria, inayoichosha kinga ya mtoto na kukiacha kirusi kifanye kinavyotaka kwenye seli B za damu. Singida iko juu, ni kavu, na ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Upepo ule niliousifu una faida zake.

Lakini kirusi ni kilekile, na kiko kwetu sote. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho. Huku kwetu mtoto hukipata mapema kwa mate, kwa kutafuniwa chakula au kunywa kikombe kimoja na ndugu zake, na hukaa nacho maisha yake yote bila habari. Ni kwa wachache tu kwamba kinaingia kwenye seli za utando wa nasofarinksi, kikakaa humo na kuzisukuma zigeuke saratani, kwa kusaidiwa na urithi wa damu na vitu kadhaa vya mazingira. Samaki wa chumvi wa kusini mwa China ndiye anayejulikana zaidi kati ya hivyo.

Kinachonivutia kuliko yote ni hali ya ndani ya uvimbe huo. Mwaka 1921 Regaud wa Ufaransa na Schmincke wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, waliueleza kama uvimbe uliochanganyika na chembe nyeupe za damu. Daktari akichukua kinyama na kukiweka chini ya hadubini anakuta limfosaiti zimejaa kila mahali, hadi seli za saratani zenyewe zinatafutwa katikati. Kwa akili ya kawaida hiyo ni habari njema. Limfosaiti ndio askari wa mwili. Wamefika, tena kwa wingi, na mbele yao kuna seli zilizobeba kirusi wanachokifahamu tangu utoto. Kwa nini hawapigani?

Hapa nirudi Manyoni na Itigi, kwenye vichaka vile vizito ambavyo mtu akiingia hatua ishirini hajui barabara iko upande gani. Huko ndiko asali inakotoka, ya nyuki wakubwa na ile nyepesi, chachu kidogo, ya nyuki wadogo wasiouma ambayo wazee wanaihesabu kuwa dawa. Huko pia kuna hifadhi ya nyuki ya Aghondi. Nyuki wa Singida wana historia. Uwanja wa mpira wa mjini unaitwa Liti, jina la mwanamke kiongozi wa Wanyaturu ambaye, mwanzoni mwa karne ya 20, inasimuliwa aliwapiga Wajerumani kwa kuwaachia makundi ya nyuki. Timu pinzani zinazokuja Liti zingefaa kuambiwa.

Ila mrina asali anawajua nyuki haohao kwa upande mwingine. Hapandi mtini bila moshi. Moshi hauwaui. Unafunika harufu ya hatari ambayo nyuki walinzi huitoa kuwaita wenzao, na unawafanya wengine wakimbilie kujaza matumbo asali. Wamo mzingani kwa maelfu, miiba wanayo, na mkono wa mtu unaingia na kutoka na masega. Uvimbe wa nyuma ya pua unajifukiza namna hiyo. Kwanza, kirusi kikishatulia ndani ya seli ya saratani kinazima protini zake karibu zote, kinabakiza chache, na mojawapo, iitwayo EBNA1, ina kipande kinachoifanya iwe ngumu kukatwakatwa na kuonyeshwa kwa seli T, ambazo ni aina ya limfosaiti. Pili, protini nyingine ya kirusi, LMP1, inasaidia seli ya saratani kuvaa juu yake kitu kinachoitwa PD-L1, ambacho kikigusana na kipokezi cha PD-1 kwenye seli T, seli T inalegea. Tatu, uvimbe unatoa kemikali za kuita aina ya seli T ambazo kazi yake mwilini ni kutuliza ghasia, na hizo zinakuja na kuwatuliza wapiganaji. Katika baadhi ya wagonjwa seli za saratani zinapoteza hata alama za juu, HLA, ambazo bila hizo seli T haina la kutazama. Limfosaiti zinazokaa muda mrefu katika hali hiyo huchoka kabisa. Zinahesabika, lakini hazichomi.

Ukiuelewa moshi huo utaelewa pia dawa mpya. Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto waliripoti PD-1 mwaka 1992, na kazi iliyofuata ikampa Nobel ya mwaka 2018 pamoja na James Allison. Kutokana nayo zikaja kingamwili za kukizuia kipokezi hicho, ili seli T zisilegezwe. Moja, toripalimab, iliyotengenezwa China, ilijaribiwa kwa wagonjwa 289 wa saratani hii iliyorudi au kusambaa. Waliopewa dawa hiyo pamoja na zile za kemikali walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele kuliko waliopewa za kemikali peke yake, na hatari ya ugonjwa kusonga ilipungua kwa karibu nusu. Oktoba 2023 Marekani iliiidhinisha. Dawa za kundi hili ni ghali mno kwa mkulima wa vitunguu, hata kama mwaka ulikuwa mzuri na lumbesa zote zimepata mnunuzi.

Bahati ni kwamba saratani hii inasikia mionzi vizuri. Ikikamatwa ikiwa bado chumbani mwake, wengi hupona, na mionzi ipo Tanzania. Ipo Ocean Road, Dar es Salaam, katika taasisi iliyozaliwa mwaka 1996 ndani ya hospitali ya Wajerumani ya miaka ya 1890 pale ufukweni, na ipo Bugando, Mwanza. Kutoka Singida mjini ya kwanza iko karibu kilomita 700, ya pili zaidi ya 400. Kwa hiyo kazi kubwa inabaki mikononi mwa wa kwanza kumuona mgonjwa, awe hospitali ya mkoa, awe Makiungu kwa masista au Itigi kwa Mtakatifu Gaspar: akimwona mtu mzima, au hata kijana, maana katika Afrika ugonjwa huu hauwaachi vijana, mwenye sikio moja lililoziba wiki nyingi na tezi shingoni isiyouma, amtafutie mtu wa kumulika nyuma ya pua yake. Kamera nyembamba inaingia, kinyama kinachukuliwa, na jibu linapatikana. Namwona bibi wa tembe angekubali haraka, kwa sharti kwamba arudi kabla ya mvua ya kwanza.

Wanaoelekea Bugando hupita Misigiri, halafu mlima wa Sekenke. Ni kona za kutisha kidogo na za kupendeza sana. Huku ndiko Wajerumani walikochimba dhahabu, na wakati wa Vita vya Kwanza, walipobanwa na meli za Waingereza, dhahabu ya Sekenke ilisafirishwa hadi Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15, zenye tembo, mwaka 1916. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombea hadi leo, wakati wachimbaji wadogo wa Iramba bado wanachekecha vumbi kwa mikono. Kutoka juu unaiona mbuga ya Wembere imetandazwa hadi mwisho wa macho. Lori za vitunguu zinashuka kwa gia ya chini, zikipiga honi kila kona, na ndani ya basi watu wanafungua madirisha zaidi maana joto la bondeni linakuja kuwapokea.

Shelui, chini, ndipo pa kula. Kuku wa kuchoma anauzwa kwa robo au nusu, pilipili ipo, na wauza asali wanakimbilia madirisha na chupa zilizokuwa za maji. Usinunue kwa kutazama rangi. Omba kifuniko kifunguliwe, uinuse. Asali ya mrina mzembe ina moshi mwingi. Iliyo nzuri ina ua, na ukiuliza ya Itigi kweli au ya wapi, muuzaji ataapa, kondakta atapiga ubavu wa basi, na mtabishana bei hadi gari limeanza kuondoka kuelekea Igunga.